Mwanangu wa miaka 14, ukoo wa hoki ya barafu Ontario: OHL au chuo cha Marekani? Naomba ushauri

MamaKijana (mwanzisha uzi)
Habarini wana jukwaa. Mwanangu kazaliwa Novemba 2011, tupo Ontario, anacheza beki timu ya AAA (daraja la juu la vijana) ya U15, yaani chini ya miaka 15, na ameanza darasa la 9 Septemba hii ya 2025. Upande wa baba yake wote ni watu wa hoki: babu yake alicheza AHL (ligi ya kulipwa iliyo chini ya NHL, ligi kuu), baba yake mdogo alicheza OHL (ligi ya vijana ya Ontario). Baba mkwe anasisitiza tuamue sasa. Anasema kijana akienda OHL asahau chuo cha Marekani, na akitaka chuo asiguse OHL hata mechi ya kirafiki. Tayari kuna wakala anapiga simu. Mimi mchezo huu nimeukuta ukubwani, na kila nikiuliza naambiwa wao wanajua. Naomba mnieleze lini tunaamua nini, wapi watu huharibikiwa, na jina la ukoo linasaidia kiasi gani.

BekiWaKushoto
Dada, baba mkwe wako hakudanganyi, ila anakupa sheria ya enzi zake. Zamani NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iliihesabu OHL na ndugu zake wawili, WHL na QMJHL, kuwa ligi za kulipwa. Mtoto akishazicheza, mlango wa vyuo vya daraja la kwanza ulikuwa umefungwa. Novemba 2024 NCAA ilipiga kura kuliondoa zuio hilo, na kuanzia tarehe 1 Agosti 2025 mchezaji wa OHL anaruhusiwa kwenda chuo. Mfano uko wazi: Gavin McKenna, kijana wa Whitehorse, alicheza WHL na Medicine Hat, kisha 2025 akahamia Penn State. Kwa hiyo swali la "OHL au chuo" limebadilika. Siku hizi linaweza kuwa OHL kwanza, chuo baadaye.

Sasa kalenda yenu. OHL huchagua kwa mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo wa 2011 watachaguliwa 2027, baada ya msimu wa U16. Msimu wa 2026-27 ndio wasaka vipaji watakaomtazama kwa makini. Huu wa sasa ni wa kujenga msingi tu. NHL ni tofauti: inataka awe ametimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba ya mwaka wa drafti, yaani siku timu zinapochagua wachezaji chipukizi. Wa Novemba 2011 hatimizi kabla ya hapo mwaka 2029, kwa hiyo drafti yake ni ya 2030. Auston Matthews alizaliwa tarehe 17 Septemba 1997, akakosa drafti ya 2015 kwa siku mbili. Mwaka uliofuata alichaguliwa wa kwanza.

Novemba inauma sasa na inalipa baadaye. Leo anagongana mabega na wenzake waliozaliwa Januari, wamemzidi miezi kumi ya kukua, na makocha wengi huona kimo kabla ya akili ya mchezo. Asipochaguliwa mapema 2027 msimtie presha. Ana msimu mzima wa ziada kuliko wale wa kabla ya katikati ya Septemba kabla NHL haijamfanyia hesabu.

MsomaVipengele
Naongeza kwenye mikataba, maana huko ndiko wazazi wanakoumia.

Kuchaguliwa na timu ya OHL si kusaini. Timu inapata haki juu yake ndani ya ligi hiyo, basi. Hamlazimiki kumpeleka. Mkikaa mezani, jambo kubwa ni kifurushi cha masomo: kila msimu anaocheza humpatia mwaka wa kulipiwa chuo. Uliza mambo manne na yaandikwe: kinalipa nini hasa (ada, vitabu, malazi?), ana muda gani wa kuanza kukitumia baada ya kuondoka OHL, kitu gani kinakifuta, na akihamishiwa timu nyingine nani analipa. La tatu ndilo watu hulisahau. Kijana husaini mkataba wa kulipwa, hauendi kokote, akirudi kutafuta shule anakuta kifurushi kilishakufa.

Wakala: mshauri anayetoa maoni tu hana shida. Mkataba wa kumwakilisha mtoto kwa timu za kulipwa unaweza kumwondolea sifa ya NCAA, kwa hiyo msisaini karatasi wala msipokee magongo au tiketi za ndege. Hakikisheni wakala yupo kwenye orodha ya mawakala waliothibitishwa na NHLPA, chama cha wachezaji. Anayedai ada ya kila mwezi kwa mtoto wa miaka 14, mwageni. Wakala halali hupata asilimia yake mchezaji anapolipwa.

Na kumbuka: kuchaguliwa drafti ya NHL hakumzuii kucheza chuo. Kusaini mkataba wa NHL ndiko kunakomzuia.

MamaKijana
Asanteni sana. Kumbe hata baba yake hili la Agosti hakulijua. Je, shuleni kuna la kufanya sasa hivi, au tusubiri 2027?

MwalimuWaSafu
Mama, usisubiri. NCAA huhesabu kuanzia darasa la 9, yaani mwaka huu huu. Daraja la kwanza linataka masomo 16 ya msingi: Kiingereza 4, hisabati 3, sayansi 2, sayansi ya jamii 2, mengine yanajazia. Wastani wa alama usipungue 2.3 kwa kipimo cha 4.0. Kumi kati ya hayo 16 yawe yamekamilika kabla ya muhula wa saba, na kwenu hapo ni Septemba 2028, mwanzo wa darasa la 12.

Tazama hesabu inavyobana. Akienda OHL akiwa na miaka 16, anahama nyumbani, anakaa kwa familia mwenyeji, anaingia shule mpya, na ligi ina mechi 68 kwa msimu, nyingine safari ya basi ya usiku. Wengi hapo hupunguziwa masomo, au huwekwa kwenye hisabati nyepesi ambayo NCAA haiihesabu. Akifika miaka 19 mguu unataka chuo, cheti kinakataa. Nenda kwa mshauri wa shule na orodha ya masomo mkononi, uliza moja moja kama linatambuliwa. Ukipata jibu, liombe kwa barua pepe.

Ukilinganisha ratiba, chuo kina mechi chache sana, nyingi Ijumaa na Jumamosi, na katikati ya wiki ni mazoezi na kunyanyua vyuma. Kwa beki anayechelewa kukua hiyo ni faida kubwa. Mimi ningempeleka OHL tu kama ana uhakika wa kuingia barafuni kila mechi. Akiwa beki wa saba anakaa benchi akiwa na miaka 16, heri abaki nyumbani mwaka mmoja.

BekiWaKushoto
Kuhusu jina la ukoo. Linafungua mlango wa mazoezi na simu ya kocha hupokelewa. Zaidi ya hapo halibebi mtu. Wachukue akina Staal wa Thunder Bay, ndugu wanne, baba mmoja, uwanja mmoja wa barafu aliowatengenezea shambani. Eric, Marc na Jordan kila mmoja amevuka mechi 1,000 za NHL. Jared alichaguliwa wa 49 mwaka 2008, akacheza mechi 2.

Akina Subban wa Toronto pia, wazazi wao wahamiaji kutoka Karibi. Malcolm, kipa, alichaguliwa wa 24 mwaka 2012. P.K. alichaguliwa wa 43 mwaka 2007, akaja kushinda tuzo ya beki bora 2013 na mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 72. Jordan, wa 115 mwaka 2013, hakucheza hata mechi moja ya NHL. Nafasi ya drafti haikutabiri, damu haikutabiri. Baba wadogo na mababu wakae jukwaani, kocha awe mmoja.

FundiWaMakali
Hapo kwenye mababu naingia, kwa sababu ushauri wao wa vifaa ndio unaopotosha zaidi. Gongo la mbao la zamani lilikuwa gumu, na wazee bado hununua gumu. Siku hizi kila gongo lina namba ya kupinda, na kianzio ni nusu ya uzito wa mchezaji kwa ratili. Kijana wa kilo 54 ana ratili kama 119, kwa hiyo namba 60 hivi. Ukimpa 85 ya mtu mzima, gongo halipindi, anasukuma puki (kisahani kinachochezewa) kwa mikono tu, na hainyanyuki. Urefu: akiwa amevaa viatu vya barafu, lifike kidevuni.

Viatu msinunue vikubwa ili avikulie. Legeza kamba, asukume mguu hadi vidole viguse mbele. Nyuma ya kisigino kipite kidole kimoja, si zaidi. Kisigino kikicheza, anakaza kamba kupita kiasi, kifundo kinakufa ganzi, na akigeuka nyuma makali yanateleza. Kwa beki huo ni msimu mzima wa kuonekana mzito wakati tatizo ni kiatu.

Kinga ya shingo avae kila mazoezi, si mechi tu. Adam Johnson alikufa Sheffield Oktoba 2023 kwa kukatwa na kiatu shingoni, na alikuwa mtu mzima wa kulipwa.

MwalimuWaSafu
Na kichwa. Akigongwa akaonekana kuchanganyikiwa, Ontario ina Sheria ya Rowan ya 2018: anatolewa mchezoni, na harudi bila daktari au muuguzi mwenye mamlaka kumruhusu. Kurudi ni kwa hatua, kila hatua angalau saa 24, na darasani kwanza ndipo barafuni. Babu akisema "tulikuwa tunarudi kipindi cha pili", mjibu kwa heshima kwamba sasa haruhusiwi.

MamaKijana
Nimeandika yote. Jumatatu naenda shule na orodha ya masomo 16. Swali la mwisho: hela ikoje akifika juu kweli?

MsomaVipengele
Kima cha chini NHL msimu wa 2025-26 ni dola 775,000. Mkataba wa kwanza, akisaini akiwa na miaka 18 hadi 21, ni wa miaka 3, na kwa kawaida una pande mbili: akishushwa AHL analipwa kiasi kingine kilichoandikwa pembeni, mara nyingi sehemu ndogo tu ya kile cha juu. Ukisikia mtu anataja mshahara wa kijana, uliza ni wa upande upi. Toa kodi, wakala, na ile sehemu ambayo ligi huishikilia kila malipo hadi mapato yahesabiwe. Bajeti ya familia ifanyieni kwa namba ya AHL.