Nimenunua gazeti la vita la 1939, ukurasa wa mbele hauna vita. Nimeibiwa?

Mjukuu wa Keya, Jinja

Habari zenu, wazee na vijana. Naomba msaada kabla sijapanda teksi kurudi Kampala kugombana na mtu.

Babu yangu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, batalioni ya 4, akapelekwa Bama (Burma, leo Myanmar) kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Alituachia vitu vitatu: medali, kibandiko cha begani chenye kichwa cha kifaru, na tabia ya kuamka saa kumi na moja alfajiri hata Jumapili. Desemba ukoo mzima unakutana hapa nyumbani, nikaona niandae ukuta wa kumbukumbu sebuleni. Picha yake katikati, medali chini yake, na kando gazeti la siku vita vilipoanza.

Nikaelekezwa duka la vitu vya kale. Jamaa akanitolea The Times la London, Jumatatu 4 Septemba 1939. Akaapa ni lenyewe, limetoka kwenye sanduku la mzungu aliyekaa Entebbe. Alianzia laki tatu, nikamshusha mpaka laki na nusu. Lilikuwa ndani ya nailoni, sikulifungua. Najua, najua, msinicheke.

Kufika nyumbani nalifungua: ukurasa wa mbele wote ni matangazo! Waliozaliwa, waliooana, waliofariki, watu wanatafuta kazi. Hitler hayupo, Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza, hayupo, hata kichwa kimoja cha herufi kubwa hakuna. Mke wangu akaniuliza kama nimenunua gazeti la vita au la kutafuta wachumba. Vita vimo, lakini mpaka uingie kurasa za ndani. Halafu karatasi ina rangi ya kahawia iliyolingana kila mahali, kama imepakwa. Hivi mtu anaweza kujibunia gazeti zima akalichapa?

Mzee wa Herufi

Kijana, kwa hayo matangazo usimguse mtu. The Times lilikuwa likijaza ukurasa wa kwanza matangazo madogo madogo miaka nenda miaka rudi, na halikuweka habari pale mbele mpaka tarehe 3 Mei 1966. Uingereza ilitangaza vita Jumapili tarehe 3, wao wakatoka Jumatatu, na bado waliofariki na watafuta kazi wakatangulia mbele ya Hitler. Ungekuta vichwa vikubwa ukurasa wa kwanza, hapo ndipo ningekwambia kimbia.

Kwa hiyo maandishi ni ya kweli. Karatasi ni kesi nyingine.

Nimechapa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, miaka 31, nikaanza na herufi za madini ya risasi, nikamalizia na kompyuta. Magazeti ya wakati ule yalichapwa kwa bamba la risasi lenye herufi zilizoinuka, nazo zinabana karatasi. Geuza ukurasa, funga macho, pitisha kidole mgongoni polepole. Lenyewe utalisikia lina vijipele. Nakala za siku hizi ni laini kama kioo. Kisha tafuta lenzi uangalie picha, maana picha za gazeti huchapwa kwa vitone vidogo: nakala imepigwa kutoka kwenye picha ambayo tayari ilikuwa ya vitone, basi vitone vinagongana na kufanya mawimbi. Kingo za herufi nazo zinakuwa kama zimetafunwa na mende.

Rangi ya kahawia iliyolingana hainipendezi. Karatasi ya gazeti ni ya mti uliosagwa, hewa na jua huianza kingoni na kwenye mikunjo, katikati hubaki peupe kidogo. Chai ya rangi haijui kingo wala katikati. (Mimi mwenyewe nimewahi kuombwa nichovye cheti kwenye chai. Sisemi zaidi.)

Njia ya haraka: nenda kwa wabadilisha fedha, omba ile taa ya zambarau ya kukagua noti. Dawa za kung'arisha karatasi zilienea baada ya vita, miaka ya 1950. Likiwaka buluu, ni la juzi. Lisipowaka, bado usishangilie, maana kuna nakala zinazochapwa kwenye karatasi isiyo na dawa hizo.

Boda Mkusanyaji

Laki na nusu! Ungenipigia mimi nikuuzie Biblia ya Nuhu.

Lakini tuongee kweli: magazeti ya siku kubwa kama hizo, hata yenyewe, si adimu kama wauzaji wanavyodai, kwa sababu watu wengi waliyaweka makusudi. Na nakala zimejaa dunia nzima. Wamarekani wana gazeti la mji wa Vicksburg la Julai 1863, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mji umezingirwa, karatasi zimekwisha, wakachapa mgongoni mwa karatasi za kupambia ukuta. Limenakiliwa mara nyingi mno, kila mtu anadhani alilo nalo sandukuni ndilo.

Binti wa Bombo

Mjukuu, pole kwa hela. Hapa kwetu Bombo hao makeya ni babu zetu, niruhusu niseme.

Mwaka jana mtu aliniletea Uganda Argus la 1945 lenye habari ya vita kwisha. Kwenye fremu, limependeza! Nikamwambia Argus lilianza 1955, kabla yake gazeti lilikuwa Uganda Herald. Akalifunga taratibu akaondoka. Aliyetengeneza lako alinakili gazeti lililokuwepo, aliyetengeneza hilo alijizalia.

Ila swali langu ni hili: babu alisoma The Times lini? Mtu wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wenye kile kichwa cha kifaru, alikuwa Bonde la Kabaw huko Bama mwaka 1944, kwenye matope na malaria, na Desemba walikuwa wanavuka mto Chindwin pale Kalewa. Jeshi lilikuwa na magazeti yake ya Kiswahili kwa askari wa Afrika Mashariki, Askari na Heshima. Ningekuwa wewe ningetafuta ukurasa wa hayo. Kaulize maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere, sehemu ya Africana (vitabu na nyaraka za Afrika), halafu hifadhi ya nyaraka za taifa pale Wandegeya. Ukiupata piga picha, chapa kwa kipimo kilekile, na chini andika NAKALA na mwaka uliochapa. Miaka hamsini ijayo mjukuu wako asije akaliuza kama lenyewe.

Na tafadhali, medali usiisugue, na lolote la zamani usilipeleke kwenye laminesheni. Najua tunavyopenda laminesheni. Joto na gundi hazirudi nyuma.

Mjukuu wa Keya, Jinja

Nimerudi. Dada wa kubadilisha fedha aliniwashia taa. Jamani! Liliwaka buluu kama shati la bwana harusi dansini. Mgongoni nako laini, hakuna kipele hata kimoja.

Nilimpigia muuzaji, nikamweleza mambo ya taa na ya kidole, sikupandisha sauti. Alikaa kimya, kisha akasema na yeye aliuziwa hivyohivyo. Sijui. Amerudisha elfu themanini kwa simu, gazeti nimebaki nalo. Nitalitundika ukumbini karibu na choo, na kibandiko cha NAKALA, kwa sababu hayo matangazo yameanza kunichekesha. Kuna mtu anatafuta mpishi siku ambayo dunia inawaka moto.

Binti wa Bombo, umenigusa. Nimemuuliza shangazi, yeye ndiye aliyekaa na mzee mwisho. Anasema babu alisoma Kiswahili tu, tena kwa sauti, na jirani akipita alilazimishwa kukaa asikilize mpaka mwisho wa ukurasa. Kiingereza alijua "left, right" na matusi mawili.

Makerere nitakwenda Jumatatu. Kama kuna mwenye ukurasa wa Askari wa 1944, hata picha ya simu, hata uliochanika, naomba aniandikie hapa.