Eti watoto wetu "wanafurahi mno" kupewa ruzuku ya muziki

Fidla_Mkononi (mleta mada):

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikiruka mnivumilie. Nimekata simu sasa hivi. Nilikuwa naongea na wale jamaa. Mnawajua. Wale wa ruzuku za muziki kwa watoto wa mazingira magumu, wenye ile picha ya mtoto kashika tarumbeta anatazama mbinguni. Sitaji jina. Asiyewajua hajawahi kuomba hata uzi mmoja wa fidla.

Tumenyimwa. Kunyimwa si hoja, tumeshanyimwa na wakubwa kuliko wao tukanyamaza. Nikauliza kwa adabu tulikosea wapi ili awamu ijayo tujirekebishe. Dada wa upande wa pili akapekua makaratasi, akanijibu kwa sauti ya kubembeleza kabisa: "Andiko lenu lilikuwa zuri, ila kwenye video watoto wanaonekana wanafurahi mno."

Wanafurahi mno!

Nikadhani mtandao umemeza maneno. Nikamwomba arudie. Akarudia vilevile, tena akaongeza kwamba kamati "haikuiona dhiki." Walitaka mtoto apige fidla huku anagaragara?

Fomu yao yenyewe mnaijua. Mtoto anaweza kuanza kuijaza darasa la kwanza akaimaliza ana wajukuu. Wanataka viashiria vya mafanikio. Wanataka hesabu zilizokaguliwa, kundi lenyewe mali yake yote ni fidla chache, ngoma na kabati lisilo na mlango. Wanataka tuchangie sehemu ya bajeti kwa fedha zetu, halafu juu ya ukurasa huohuo wameandika ruzuku ni ya wasio na kitu. Yote hayo nilijaza. Sikulalamika. Nilipofika kwenye "mradi utajiendeshaje baada ya ruzuku kuisha" niliinama, nikajaza.

Halafu wanafurahi mno.

Yule mdogo wa mbele anayecheka mpaka pengo linaonekana ndiye hasa waliyemtaja. Mnajua kwa nini anacheka? Zamu yake ya fidla imefika! Fidla ya nusu tunayo moja, wanaoitosha ni kundi zima. Mtoto hawezi kushika fidla ya mtu mzima, mkono haufiki, anajifunza kukunja bega vibaya na kulinyoosha baadaye ni kazi. Ndiyo maana kuna ya robo, ya nusu, ya robo tatu, na watoto hawaachi kukua eti kwa sababu ruzuku imeisha. Hilo tulilieleza kwenye andiko, neno kwa neno. Wao wakaona pengo.

José Antonio Abreu, yule mwanzilishi wa okestra za watoto za Venezuela, alipoanza pale Caracas mwaka 1975, alianza na vijana 11 kwenye gereji ya magari. Kamati hii ingemrudishia barua: gereji ina paa, hamna dhiki.

Mods msiunganishe uzi huu na ule wa ufadhili wa michezo. Nina hasira zangu mwenyewe.

---

Ngoma_Nzito:

Pole mkuu. Dawa ndogo tu: kabla ya kurekodi, wape mtihani wa hesabu za sehemu. Dhiki itaonekana mpaka kwa aliyeshika kamera.

Besi_Baridi:

Hiyo video niliiona ulipoitupia kwenye kundi. Watoto wanafurahi kweli. Aliyekuwa na dhiki ni mimi msikilizaji, fidla ya tatu kutoka kulia ilikuwa na wimbo wake peke yake.

Fidla_Mkononi:

@Besi_Baridi ile fidla kigingi chake kimelika, uzi haukai. Tuliomba fedha za fundi. Unajua walijibu nini? WANAFURAHI MNO.

Mzee_wa_Zumari:

Kijana, tulia nikueleze. Wewe umenyimwa, umelala salama. Sisi tulipewa. Miezi kumi na miwili, na masharti: fedha ni ya vyombo, mwalimu hapana. Eti mishahara ni gharama za uendeshaji. Basi tukapokea zumari, filimbi na klarineti zinang'aa, mwalimu akapata kazi kwingine akaondoka. Watoto wakabaki wanatazamana na masanduku. Mwisho wa mwaka wakaja kupiga picha na bango lao. Bango lilikuwa refu kuliko jukwaa, walioshika zumari nyuma hawakuonekana hata kofia.

Fidla_Mkononi:

Shikamoo mzee. Hilo nalo ni ovu. Lakini hawakukwambia watoto wanafurahi mno!

Mzee_wa_Zumari:

Marahaba. Hawakusema kwa sababu hawakuwaona. Bango liliwafunika.

Kinanda_Kimoja:

Afadhali nyie mlipewa vyombo vizima. Sisi tuliletewa piano ya msaada kutoka ng'ambo. Piano ina nyuzi zaidi ya 200 na zote zilikuja zimelegea, ubao wa ndani umepasuka kwa unyevu. Fundi wa kurekebisha sauti hayumo kwenye bajeti. Mlango wa ukumbi ilibidi uvunjwe ndipo ipite. Sasa tuna piano isiyolia na ukumbi usiofungwa, na kila robo mwaka tunatakiwa kuripoti "idadi ya walengwa waliofikiwa na piano." Mlengwa wa kwanza alikuwa panya.

Mpenda_Takwimu:

Tuweke hoja mezani kidogo. Hao hao wa Venezuela mleta mada anaowasifia, Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika iliwakopesha dola milioni 150 mwaka 2007. Baadaye watafiti wakapima. Walikuta walioingia kwenye programu waliokuwa maskini ni kama asilimia 17, wakati kwenye majimbo wanayoishi maskini walikuwa karibu asilimia 47. Kwa hiyo kamati kuuliza "hawa kweli ni wahitaji?" si dhambi.

Fidla_Mkononi:

Kuuliza si dhambi! Waje waulize! Waje waone wanakolala, waongee na wazazi. Wao wamehesabu meno ya mtoto kwenye video! Uhitaji gani unapimwa kwa meno? Mtu mzima kwenye kiti cha kuzunguka anasema wanafurahi mno, na wewe unaniletea asilimia.

Mpenda_Takwimu:

Nimesema waulize vizuri zaidi, sijasema wahesabu meno.

Ngoma_Nzito:

Kwa hiyo mmekubaliana. Uzi ufungwe.

Marimba_Mjukuu:

Usifungwe, sijasema langu. Kwa nini kila ruzuku ni fidla fidla fidla? Ukiomba ya ngoma na marimba wanakwambia hiyo ni utamaduni, nenda dirisha lingine. Dirisha lingine wanakwambia hiyo ni elimu ya watoto, rudi dirisha la kwanza. Marimba hayana robo wala nusu, mtoto anapanda kigoda tu.

Besi_Baridi:

Anapanda kigoda anaanguka, halafu mnaandika andiko la huduma ya kwanza.

Kwaya_ya_Jioni:

Mnabishania fedha wakati wenzenu walianza bila senti. Okestra ya kanisa la Wakimbangu pale Kinshasa ilianzishwa 1994 na Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi. Vyombo vichache, wapigaji wakipokezana. Uzi wa fidla ukikatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Leo dunia nzima inawajua.

Mzee_wa_Zumari:

Binti, jambo jema umesema, lakini usilipaze mfadhili akasikia. Kesho kwenye bajeti atakata nyuzi, aandike "breki."

Fidla_Mkononi:

Ndiyo hayohayo, mzee! Watoto wa Cateura kule Paraguay walipiga fidla zilizoundwa kwa mabati ya jalalani, wakasafiri nchi nyingi, na wanastahili heshima yote. Tangu hapo wafadhili wanataka jalala. Chombo kizima mkononi mwa mtoto maskini kinawaudhi. Na akicheka ndiyo basi kabisa, wanafurahi mno!

Besi_Baridi:

Kila ukisema "wanafurahi mno" namimi nafurahi mno.

Kinanda_Kimoja:

Nirudi kwenye piano yangu. Kuna mtu anaihitaji? Bure. Aje na watu sita na asiulize kuhusu panya.

Marimba_Mjukuu:

Ukitoa zile mbao za ndani nitumie, naweza kuchonga marimba.

Kinanda_Kimoja:

Imo kwenye orodha ya mali za mradi. Nikichonga hata ufunguo mmoja nitaandika ripoti mpaka nistaafu.

Kwaya_ya_Jioni:

Samahani kutoka nje ya mada, @Mzee_wa_Zumari zile klarineti mlizoletewa bado zinalia? Sisi tunayo moja, matete (vile vijiti vya kupulizia) yameisha. Natafuta ya ugumu namba mbili na nusu.

Mzee_wa_Zumari:

Matete ninayo boksi zima, namba tatu na nusu. Walituagizia bila kuuliza, mtoto anapuliza mpaka macho yanatoka. Namba mbili na nusu hata mimi natafuta.

Ngoma_Nzito:

Namba tatu na nusu unaweza kuyakwangua kidogo kwa msasa mlaini yakalegea. Njoo inbox nikuelekeze.

Fidla_Mkononi:

Jamani uzi ni wa fidla.

Kwaya_ya_Jioni:

@Ngoma_Nzito nimekutumia ujumbe. Msasa namba ngapi?