Kasri la Pitti kule Firenze: naomba ushauri wa kupanga siku moja

Mwalimu wa Ligula, Mtwara

Wanajukwaa wenzangu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Mtwara mjini, na katika likizo ya Desemba, Mungu akipenda, nitasafiri na mama yangu kwenda Italia kumtembelea mdogo wangu wa kike anayesoma Firenze. Nauli imetokana na korosho za mama, kwa hiyo mwenye safari ni yeye, nami ni mshika mkoba tu. Siku nyingi tutakuwa nyumbani kwa binti yake, lakini nimeomba siku moja iwe ya Palazzo Pitti, kasri la kale ambalo ndani yake kuna nyumba ya picha iitwayo Galleria Palatina. Kila mwaka ninafundisha habari za Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, ambako mwanafunzi huonyeshwa kuta na birika la pembe nane, kisha akaombwa ajaze yaliyobaki kwa mawazo yake. Ndiyo maana nina shauku ya kuona kasri ambalo mapambo yake bado yamo ukutani.

Ninaomba mnieleze kama tiketi ni lazima ikatwe kabla ya kufika, na kama mtu mzima ambaye magoti yanamsumbua ataweza kuzunguka humo bila kuteseka. Mdogo wangu anasisitiza kwamba mwenye siku moja Firenze huenda Uffizi, jumba jingine la sanaa la mji huo, si Pitti, nami ningependa kusikia maoni yenu juu ya hilo. Aidha, sikusomea sanaa ya uchoraji, na ninachelea kupita mbele ya picha mia kadhaa nikatoka bila kukumbuka hata moja.

Mnazi Mmoja, Lindi

Mwalimu, hongera kwa safari, na mama umfikishie shikamoo yangu. Nilisoma Italia kwa muda, na kati ya majumba ya sanaa niliyoyaingia huko, Pitti ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo pokea maneno yangu ukijua kwamba nimeegemea upande mmoja.

Jengo lilianza kujengwa katikati ya karne ya 15 kwa ajili ya Luca Pitti, tajiri wa benki, na mwaka 1549 likanunuliwa na Eleonora wa Toledo, mke wa mtawala Cosimo I wa ukoo wa Medici. Tangu hapo likawa makao ya watawala kwa zamu: Medici, kisha ukoo wa Lorena, na hatimaye mfalme Vittorio Emanuele II, wakati Firenze ilipokuwa mji mkuu wa Italia kuanzia 1865 hadi 1871. Hili ndilo jambo la kulishika kabla ya kuingia, kwa sababu Galleria Palatina haikupangwa kama darasa. Picha zimetundikwa kwa kubanana, moja juu ya nyingine, ndani ya fremu nzito za dhahabu, na aliyezipanga alitazama ukuta upendeze, si miaka ya wachoraji ifuatane. Mtu anayetafuta mfululizo wa karne humo atachoka mapema na kulaumu jengo.

Kwa hiyo usianze na kuta, anza na dari. Vipo vyumba vinavyofuatana vilivyopewa majina ya sayari na miungu ya Warumi, yaani Zuhura, Apollo, Mirihi, Mshtarii na Zohali, na dari zake zilichorwa na Pietro da Cortona kuanzia miaka ya 1640, kisha zikamaliziwa na mwanafunzi wake Ciro Ferri. Zinasimulia malezi ya mtawala kijana: anaondolewa kwenye starehe za Zuhura, anafunzwa elimu kwa Apollo na vita kwa Mirihi, mpaka anafikishwa mbele ya Mshtarii, ambako ndiko kilikokuwa chumba cha kiti cha enzi. Mgeni aliyekuja kumwona mtawala alipitishwa katika vyumba hivyo, na alipofika mwisho alikuwa ameshaambiwa na dari anakwenda kuonana na nani. Mwalimu wa historia hahitaji kuwa mjuzi wa rangi ili aelewe hilo.

Ukishazisoma dari, chagua picha chache ukae nazo. Katika chumba cha Zohali utaikuta Madonna della Seggiola ya Raffaello, picha ya duara ambamo Maria amemkumbatia mtoto kwa namna ambayo mama yako hatahitaji kufafanuliwa. Itafute pia picha kubwa ya Rubens ya miaka ya 1637 na 1638 kuhusu matokeo ya vita, ambamo mungu wa vita anamponyoka Zuhura huku akikanyaga vitabu, na nyuma yake mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, ambaye ni bara la Ulaya, anainua mikono kwa kilio. Ilichorwa wakati vita vya Ulaya viitwavyo Vita vya Miaka Thelathini vikiendelea, na Rubens mwenyewe aliieleza kwa barua. Hizo mbili zikikukaa moyoni, siku haijapotea.

Kuhusu magoti: nyumba hiyo ya picha iko ghorofa ya kwanza na lifti ipo, kwa hiyo muulize mhudumu mlangoni kabla hamjaanza kupanda ngazi. Ninachokuonya ni bustani ya Boboli iliyo nyuma ya kasri. Inasifiwa sana, lakini ni ya mlima na njia zake ni za changarawe, na tiketi yake ni ya peke yake. Mama asipelekwe huko kwa kubembelezwa.

Mzee wa Mingoyo

Ndugu yangu wa Mnazi Mmoja amesema vizuri, ila kwa heshima ninatofautiana naye, na nadhani mdogo wake mwalimu ana hoja. Anayeuliza ni mwalimu. Uffizi picha zimepangwa kwa kufuata nyakati kwa sehemu kubwa, na mtu anaona kwa macho yake namna uchoraji ulivyobadilika kutoka Giotto hadi Botticelli na kuendelea. Hilo linafundishika. Ukirudi Mtwara ukawaambia wanafunzi kwamba umeona chumba chenye dhahabu kutoka sakafuni hadi darini, watashangaa, lakini watakuwa wamejifunza nini?

Hata hivyo, ugomvi huu si lazima umalizwe kwa kuchagua, kwa kuwa ipo tiketi ya pamoja inayounganisha Uffizi, Pitti na Boboli, na hutumika kwa siku tano mfululizo. Mkiweza kupata asubuhi mbili katika siku hizo, kila kasri lipate asubuhi yake. Mkishindwa, basi fuata moyo wako, maana mtu aliyekokotwa kwenda asikotaka haoni kitu.

Jambo moja la kihistoria ambalo halikutajwa hapo juu. Mwaka 1737, ukoo wa Medici ulipokuwa unakatika, binti wa mwisho, Anna Maria Luisa, alitiliana mkataba na watawala wapya kwamba hazina za sanaa za ukoo wake zisiondolewe Firenze kamwe. Kwa sababu ya mkataba huo, karibu miaka mia tatu baadaye mwalimu wa Ligula atazikuta palepale. Sisi wa Lindi, ambao mifupa ya mijusi wakubwa wa Tendaguru ilifukuliwa kati ya 1909 na 1913 na mpaka leo inatazamwa Berlin, tunaelewa uzito wa karatasi ya namna hiyo.

Fundi wa Mikindani

Salaam. Mimi nachonga mpingo, na picha za rangi si fani yangu, lakini nimeona hakuna aliyetaja sehemu ya chini ya kasri hilo, inayoitwa Tesoro dei Granduchi, ambayo tiketi ya Pitti inaihusu pia. Humo mna vyombo vya pembe za ndovu vilivyokerezwa Coburg, Ujerumani, na Mattias wa Medici, aliyekuwa vitani huko, alivileta Firenze kama nyara mwaka 1632. Kwa hiyo picha ya Rubens ya juu na vyombo vya chini vinazungumzia vita vilevile, kimoja kikivililia na kingine kikiwa mapato yake. Mwalimu, hilo ni somo zima.

Nimeviona kwenye picha tu, na kila ninapovitazama najiuliza mkono gani ulikuwa na subira hiyo. Ni vikombe vyembamba vyenye vifuniko, vilivyopandana na kupinda kana kwamba pembe ilikuwa udongo, na vyote vimetoka kwenye mashine ya kukerezea, si kwenye patasi. Sisi Wamakonde tunaufuata mti ulivyokaa, hata shetani akitoka na jicho moja tunamwacha alivyo. Hawa waliilazimisha pembe ifuate hesabu. Pembe ni bidhaa ambayo bandari za pwani yetu, Kilwa ikiwemo, ziliuza ng'ambo kwa karne nyingi, na ni vyema wanafunzi waone upande wa pili wa biashara hiyo. Ukipata nafasi, nipigie picha za karibu zinazoonyesha kuta za vikombe hivyo zilivyo nyembamba.

Shangani Kaskazini

Naongeza ya makaratasi, kwa kifupi. Viza ya Schengen, yaani ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo, huombwa mapema zaidi miezi sita na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Kwa Desemba msisubiri Novemba. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari inapaswa kufikia angalau euro 30,000. Barua ya mwajiri wako na barua ya mwaliko ya mdogo wako zina uzito. Kwa mama, ambaye hana mwajiri, andaeni taarifa ya benki inayoonyesha malipo ya korosho yalivyoingia kupitia chama cha msingi kwa misimu iliyopita, pamoja na hati za shamba, kwa sababu afisa anataka kuona kitu kinachomrudisha nyumbani. Pia msipange kwenda Dar es Salaam kwa basi siku moja kabla ya ndege. Barabara yetu ilikatika Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, na Desemba mvua huwa zimeanza.

Mwalimu wa Ligula, Mtwara

Nawashukuru nyote, na Mzee wa Mingoyo shikamoo. Nimeamua Pitti iwe asubuhi ya kwanza, na Uffizi ifuate ikiwa magoti yataruhusu. Fundi, picha zako utazipata, mradi kupiga picha kunaruhusiwa. Limebaki swali la siku na saa.

Mnazi Mmoja, Lindi

Kupiga picha kunaruhusiwa, ila bila mwanga wa flashi. Jumatatu nyumba hizo zote mbili hufungwa, na sikukuu ya Krismasi pia. Jumapili ya kwanza ya mwezi kiingilio ni bure, lakini kwa ajili ya mama ningeikwepa, kwa kuwa umati huwa mkubwa na viti ni vichache. Chagueni Jumanne au Jumatano, mkate tiketi mtandaoni kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe na si kwa madalali wanaoongeza bei, na muingie mara milango inapofunguliwa saa mbili na robo asubuhi. Desemba jua la Firenze huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na dari za Cortona zinapendeza kwa mwanga wa madirishani kuliko wa taa. Mabegi makubwa na miamvuli huachwa mapokezi, kwa hiyo dawa za mama na koti lake zikae kwenye mkoba mdogo utakaoushika wewe.