Tupeane uzoefu: ulikuta nini kwenye makaratasi ya zamani ya familia yako?

Mwana wa Kampu, Lubumbashi
Ndugu zangu wacha nianze mimi maana tangu juzi sijalala vizuri. Kwetu tumekua tukijua nkambo, yaani babu, alimkimbia bibi na watoto wawili, na mama yangu akiwa bado tumboni, ndo hadithi tuliyolelewa nayo, hata jina lake halikupewa mtoto yeyote kwenye ukoo, walisema jina la mtoro halirithishwi. Sasa kuna mtu wa utafiti amenisaidia kupata fishi yake ya kazi ya mgodini. Karatasi moja tu, ina namba ya matrikile, kijiji, jina la chifu, mke, watoto, halafu dole gumba kwa wino. Chini kabisa wameandika kifaransa «déserteur», 12.12.1941.

Hiyo tarehe nikaisoma mara tatu. Desemba 9, 1941 ndo siku askari waliwapiga risasi wafanyakazi waliogoma kudai mshahara, hapahapa kwetu enzi inaitwa Élisabethville, kwenye kiwanja cha mpira, siku aliyouawa Léonard Mpoyi aliyekuwa anawasemea wenzake. Siku tatu tu katikati! Mtu hakuitika jina kazini, karani akaandika mtoro, hakuna aliyeuliza kama amejificha porini au yuko chini ya udongo. Na sisi tukalibeba neno la karani miaka themanini na zaidi kama vile ni neno letu. Niliweka dole langu juu ya dole lake pale kwenye kioo cha simu nikalia kama mtoto. Mama ana miaka 83, bado sijamwambia. Nyie wengine mlikuta nini, na mliwaambiaje wazee?

Dada wa Kadutu, Bukavu
Pole sana yaya, kaka yangu. Mimi nilienda parokia kutafuta ubatizo wa mama kwa sababu ya dosie ya pansheni, basi, sikuwa natafuta kingine. Kitabu ni cha kilatini, padri akanisomea, "filia" ni binti wa fulani, "matrina" ni mama wa ubatizo, na pembeni wameongeza ndoa ya mama kwa wino mwingine. Nikataka kufunga, padri akasema ngoja, angalia mstari wa chini. Siku ileile, baba yuleyule, mama yuleyule, binti mwingine. Mama yangu alizaliwa mapasa na amefika miaka 71 hakuna aliyemwambia!! Nilimwambia jioni tukichambua sombe. Hakulia. Aliuliza tu, aliitwa nani? Nikamwambia Agata. Akaacha sombe akaenda kukaa nje mpaka giza likaingia, na sasa kila misa ya wafu anatoa nia kwa jina hilo.

Mtu wa Birere, Goma
Sisi huku lava ya volkano ya Nyiragongo, Januari 17, 2002, ilichukua mpaka kanisa kuu, kwa hiyo ukiniambia kitabu cha parokia mimi nanyamaza tu. Kadi ya ubatizo ya baba tuliikuta kwa mama yake wa ubatizo kijijini, ndani ya kopo la maziwa ya unga, imekunjwa mara nne. Waulizeni wazee makopo yao na masanduku yao jamani, wangali hai.

Mjukuu wa Katuba
Yangu ni nzito kidogo. Mama mkubwa ni chotara, serikali ya wabelgiji ilimchukua ana miaka minne ikampeleka kwa masista mbali, na maisha yake yote aliamini mama yake alimtoa kwa hiari. Mwaka 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji wa wakati huo, Charles Michel, alipoomba radhi kwa ajili ya watoto kama hao ndo tukapata nguvu ya kuandika barua arshive za Brussels kuomba dosie yake. Ilikuja. Ndani yake kuna barua, bibi hakujua kuandika, alimwambia mtu amwandikie, anamwomba bwana administrateri amrudishie mtoto, anasema ana mashamba mawili na mbuzi, mtoto hatalala njaa. Hakuna jibu humo ndani, barua imepigwa muhuri ikafungiwa. Mama mkubwa aliitia plastiki, inalala chini ya mto wake. Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ilipowapa haki wale wanawake watano, machotara walioishtaki serikali ya Ubelgiji kwa kuchukuliwa kwa mama zao, alinipigia simu usiku, hakuongea hukumu hata kidogo, alisema tu "mbuzi, mwanangu, alitaja mpaka mbuzi."
Kaka Mwana wa Kampu, mwambie mama. Usingoje.

Mwana wa Kampu, Lubumbashi
Asanteni nyote. Nimemwambia jana baada ya misa. Nilimsomea fishi yote, kijiji, chifu, majina ya kaka zake wawili, halafu tarehe, na nikamweleza ile siku ya kiwanjani. Akanyamaza sana. Kisha akaniambia rudia pale kwenye watoto. Nikarudia. Akasema mimi simo. Nikamwambia mama, ulikuwa hujazaliwa, hakupata nafasi ya kukuandikisha. Akachukua simu akaishika kwa mikono miwili, akauliza dole liko wapi.