Taa inajiwasha swichi ikiwa imezimwa: tatizo liko wapi?

Mkaa_Tanga ameuliza:

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wanaojua umeme wa majumbani.

Nyumba iko Tanga, karibu na bahari. Ina fezi moja, mita ya LUKU, waya wa taa ni 1.5 mm², breka ya taa ni ya 10 A. Kuna taa tatu zinazojiwasha, na kila moja ina tabia yake.

Ya koridoni ni LED ya 9 W yenye swichi mbili, moja kila mwisho wa korido. Ukiizima inabaki na mwanga hafifu, wakati mwingine inapiga mwako mfupi kila baada ya sekunde chache. Mchana huwezi kuona, usiku inaonekana wazi.

Ya jikoni ni balbu ya kuchaji, zile zinazoendelea kuwaka umeme ukikatika. Umeme ukikatika inawaka hata kama swichi imezimwa. Swichi yake ina kitaa kidogo chekundu.

Ya nje ina sensa ya mwendo, inaangalia geti. Inawaka kwa nguvu zote bila mtu kupita, na kila umeme ukirudi inawaka hata saa sita mchana.

Balbu zimeshabadilishwa, hali ni ile ile. Nyumbani wameanza kusema ni majini, kwa hiyo nahitaji maelezo yaliyonyooka. Hili ni tatizo moja au ni matatu?

Nguzo_Tisa:

Ni matatu tofauti, mkuu. Kitu cha kwanza cha kuangalia taa inapojiwasha ni *inawaka vipi*. Mwanga hafifu au wa kupepesa maana yake kuna mkondo mdogo sana unaovuja kuifikia. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, kuna kitu kimefunga saketi kabisa: sensa, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), rimoti, au betri ya ndani. Ukichanganya makundi haya utabadilisha balbu mpaka mwisho wa mwaka.

Naanza na ya koridoni. Balbu ya zamani ya waya, ya 60 W, inahitaji karibu robo ampia ili waya wake upate moto. LED inaanza kuonyesha mwanga kwenye giza ikipata mikroampia kadhaa tu. Na mkondo wa namna hiyo unapatikana bila waya kugusana. Nyaya mbili zikilala pamoja ndani ya bomba moja zinakuwa kapasita, yaani kitu kinachohifadhi chaji na kupitisha mkondo mdogo wa AC. Kwa kawaida ni kama pikofaradi 100 kwa kila mita, kwa hiyo mita 10 zinakupa nanofaradi 1. Kwenye 230 V na hezi 50, hiyo inapitisha karibu mikroampia 70. Inatosha.

Taa ya swichi mbili ndiyo inayoongoza kwa shida hii, kwa sababu kati ya swichi na swichi kuna nyaya mbili zinazosafiri sambamba urefu wote wa korido, na wakati wowote mmoja wao una moto, yaani una umeme. Ule usio na moto unaambukizwa volti na mwenzake bila kugusana, na ndio unaokwenda kwenye taa.

Ule mwako wa kila baada ya sekunde chache una sababu yake pia. Ndani ya balbu kuna kapasita. Mkondo mdogo unaijaza polepole, ikifika volti za kuamsha saketi ya balbu, balbu inawaka kidogo, chaji inaisha, inazima, inaanza kujaa upya. Balbu zenye saketi rahisi zaidi hazipepesi, zinabaki na mwanga hafifu muda wote.

Ila kabla ya kulaumu urefu wa waya, hakikisha swichi inakata fezi (waya unaoleta umeme), si nyutro (waya wa kurudisha). Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote: fundi amepeleka fezi moja kwa moja kwenye holda, kisha nyutro ndiyo akaipitisha kwenye swichi. Taa inawaka na kuzima kama kawaida, hakuna anayegundua. Lakini ukiizima, balbu nzima bado ina moto, na ule waya wa nyutro uliokatwa unavujisha kwenda ethi (waya wa ardhini), ukutani na kwenye unyevu wa dari. Ubaya wake si ule mwanga hafifu. Mtu anapanda kubadilisha balbu akiamini amezima, anagusa holda yenye 230 V.

Kupima: fungua swichi, *washa* taa, weka mita kwenye AC, pima kila skrubu ya swichi iliyounganishwa na waya hadi ethi. Swichi ikiwa inakata fezi, ule upande wa fezi na upande wa kwenda kwenye taa vyote vitasoma karibu 230 V. Ikiwa inakata nyutro vitasoma karibu 0. Usitegemee bisibisi ya testa peke yake hapa, inawaka hata kwa volti za kuambukizwa.

Binti_Saketi:

Kaka, naongezea kuhusu mita. Mita ya dijito ina ukinzani mkubwa sana, kwa hiyo taa ikiwa imezimwa inaweza kukuonyesha 60 V au 100 V kwenye holda ukadhani waya zimegusana. Chomeka balbu ya zamani ya waya, ya 40 W au 60 W, kwenye holda hiyo hiyo, uache swichi imezimwa, upime tena. Volti zikianguka karibu na sifuri, ulikuwa ni uambukizo tu. Zikibaki juu, kuna mgusano wa kweli: swichi imeungua ndani, au waya umechubuka, na hapo zima breka kwanza.

Sasa balbu ya kuchaji. Ndani yake kuna betri ya lithiamu na saketi inayojiuliza maswali mawili. Je, kuna umeme wa AC? Kama haupo, je, kati ya miguu yangu miwili kuna njia? Inatuma volti chache za betri kwenda nje. Swichi ikiwa imewashwa, volti hizo zinazunguka kupitia friji, TV, hata koili ya transfoma ya mtaani, zinarudi. Balbu inaelewa kwamba umeme umekatika lakini mwenye nyumba anataka mwanga, inawaka. Swichi ikiwa imezimwa njia inakatika, nayo inatakiwa ilale. Ndiyo maana ukiishika kitako kwa vidole vyenye unyevu inawaka mkononi: mwili wako umekuwa njia.

Kwa hiyo ya jikoni inapata njia swichi ikiwa imezimwa. Kitaa chekundu kama ni cha neoni hakihusiki hapa, kwa sababu neoni haipitishi chochote mpaka ifike volti 60 na zaidi. Lakini swichi nyingi za sasa zimewekwa LED na rezista, na hiyo inapitisha hata volti chache. Mtuhumiwa wa pili ni unyevu. Jikoni kuna mvuke na mafuta, pwani kuna chumvi ya hewani, ikichanganyika na vumbi ndani ya swichi inatengeneza utando unaopitisha umeme. Sisimizi nao hupenda kujenga humo.

Umeme ukiwa umekatika na balbu inawaka, itoe kwenye holda bila kugusa kitako. Ikiendelea kuwaka, tatizo ni la balbu yenyewe: kitako kichafu au saketi imekufa. Futa kitako kwa kitambaa kikavu, isipobadilika itupe. Ikizima, tatizo ni waya au swichi. Zima mein swichi, chomoa waya mmoja kwenye swichi uuache hewani, rudisha balbu kwenye holda. Ikibaki imezima, badilisha swichi, chukua isiyo na kitaa. Usiisafishe ile ya zamani ukairudisha, utando wa chumvi unajirudia.

Na balbu hizi zisifungwe kwenye kava lisilopitisha hewa. Betri ya lithiamu ikipikwa na joto inavimba.

Stima_Likoni:

Salamu kutoka Mombasa. Mimi naishika hiyo ya nje.

Sensa ya mwendo haioni mtu, inaona joto linalohama kutoka eneo moja la lenzi hadi jingine. Paka, pikipiki yenye injini moto, tawi lililopigwa na jua likatikiswa na upepo, vyote kwake ni sawa. Huku pwani kuna msumbufu mwingine ambaye mafundi hawamfikirii: mjusi. Taa inavuta wadudu, wadudu wanamvuta mjusi, anapita juu ya lenzi yenyewe, na kwa umbali huo hata mwili wake mdogo unajaza macho ya sensa. Utando wa buibui ukipeperuka mbele ya lenzi huleta shida hiyo hiyo. Futa lenzi kwa kitambaa chenye maji kidogo, bila petroli wala tina ya rangi, zinaua plastiki.

Ukimaliza, panda na bisibisi ndogo kwenye vile virungu vya chini. Weka muda kwenye kiwango kidogo kabisa, weka cha mwanga kwenye alama ya jua ili ujaribu mchana, halafu punguza cha uwezo wa kuona mpaka ishike geti lakini isishike barabara. Ukiridhika, kile cha mwanga kirudishe kwenye alama ya mwezi. Urefu mzuri ni mita 2 hadi 2.5, na ielekezwe ili mtu apite kwa kuikata mbele yake. Anayeijia moja kwa moja inamwona kwa kuchelewa.

Kuwaka stima ikirudi si ugonjwa. Karibu sensa zote hujiwasha nusu dakika hadi dakika moja zikijipima. Fotoseli nyingi (sensa za mwanga, zinazowasha taa giza likiingia) nazo hufanya hivyo, zile za bei nafuu huchukua hata dakika mbili tatu kuzima. Ikipita dakika tano haijazima mchana kweupe, rilei yake imeshikana. Taa ya LED ikiwashwa huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana, na ncha za rilei dhaifu huyeyuka zikagandana. Ile 1200 W iliyoandikwa kwenye boksi ni ya balbu za waya. Kwa LED soma maandishi madogo, mara nyingi ni 200 au 300 W tu.

Wenye balbu za WiFi, hii ya stima kurudi inawahusu pia: nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuwaka umeme unaporudi. Ingia kwenye programu yake, tafuta mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi, chagua ibaki kama ilivyokuwa.

Breka_Kuu:

Kuna dalili moja ambayo haijatajwa na ndiyo inayochoma nyumba. Ukiona taa moja inawaka au inaongeza mwanga *kwa sababu umewasha kitu kingine*, mfano birika au pasi, na nyingine zinafifia wakati huo huo, usitafute swichi. Nyutro imelegea au imekatika. Kwenye nyumba ya fezi tatu, volti za upande mmoja zinaweza kupanda kuelekea 400 V na kuua friji na TV kwa pamoja. Zima mein swichi saa hiyo hiyo, piga simu shirika la umeme, kwa sababu mara nyingi ungio lililoachia liko kwenye nguzo au kwenye mita.

Na kazi ya kubadili polariti, yaani kubadilishana fezi na nyutro, aifanye fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati: EWURA kwa Tanzania, EPRA kwa Kenya.

Mkaa_Tanga:

Nawashukuru sana. Vipimo vya koridoni, taa ikiwa imewashwa: swichi zote mbili, skrubu zinazotumika hadi ethi 0 V. Sebuleni na vyumbani 231 V. Soketi ziko sawa, fezi iko kulia.

Fundi mwenye leseni atakuja Jumamosi. Nimwambie nini hasa? Halafu, akirekebisha na mwanga hafifu ukabaki, kapasita ya feni inaweza kusaidia? Ninayo ya 2.5 µF.

Nguzo_Tisa:

Basi koridoni swichi inakata nyutro, na kosa ni la taa hiyo peke yake. Ingekuwa nyumba nzima, soketi zikiwemo, ningekwambia liko kwenye mita, na hapo ni kazi ya shirika.

Azime mein swichi, afungue boksi la dari linalolisha korido, abadilishane: fezi iende kwenye COM (skrubu ya pamoja) ya swichi ya kwanza, nyutro iende moja kwa moja kwenye holda. COM ya swichi ya pili inabaki kwenda upande wa pili wa holda, na zile nyaya mbili za katikati haziguswi. Ajihadhari na rangi. Kwenye taa za zamani waya mweusi hutumika kama waya wa kurudi kutoka swichi, kwa hiyo si kila mweusi ni nyutro. Apime, asiamini macho. Akimaliza apime tena, taa ikiwa imewashwa: swichi isome 230 V hivi.

Mwanga unaweza kupungua bila kuisha, kwa sababu ya zile nyaya mbili za korido. Hapo ndipo kapasita inafaa, lakini si hiyo ya feni. 2.5 µF kwenye 230 V inapitisha karibu milliampia 180 muda wote taa inapowaka, inapiga cheche kwenye swichi kila ukiwasha, na isipokuwa na rezista ya kumwaga chaji inaweza kumpiga mtu holda ikiwa imezimwa.

Nunua ya daraja X2 (daraja la usalama la kapasita za kufungwa kwenye umeme wa nyumba), 0.1 µF, 275 V AC, yenye rezista ya ohm 100 kwa mfululizo, zinauzwa zikiwa zimeunganishwa tayari. Inafungwa sambamba na taa, yaani kati ya waya unaotoka swichi na nyutro, ndani ya boksi la dari. Wengine huifunga kwenye swichi, na hapo inaongeza uvujaji badala ya kuupunguza. Kwa mikroampia 70, hiyo 0.1 µF itashusha volti za kwenye balbu hadi 2 na kitu, na LED haiamki kwa volti hizo. Swichi yenye kitaa cha neoni inahitaji kubwa zaidi, 0.22 au 0.47 µF, maana yenyewe inapitisha karibu milliampia nzima. Mwuza duka akikupa iliyoandikwa 250 V bila neno AC, au ile ya mviringo yenye alama ya kutoa upande mmoja, mrudishie. Hiyo ya pili ikiwekwa kwenye AC inapasuka.