Tuunde mfumo endeshi wetu Zanzibar, au tutengeneze uliopo?

Mwalimu Mkoani: Assalaamu alaykum. Vijana wa kompyuta hapa Pemba wamenambia wanataka kuanza mfumo endeshi mpya (programu kuu inayoiendesha kompyuta), wa bure, kwa skuli za Visiwani. Mie napinga. Ubuntu ipo tangu 2004, bure, nayo haikuanza patupu, imejengwa juu ya Debian ya 1993. Chombo kikivuja hakitupwi. Ngarawa ya babu ikalafatiwe, tuingie baharini.

Fundi Darajani: Mwalimu, nakuheshimu, lakini mie ndiye ninayeletewa kompyuta za skuli zilizokuja kwa msaada. Kuukuu, nyingi za biti 32, aina ya zamani. Ubuntu iliacha kutoa diski ya kuuweka mfumo kwenye mashine hizo 2017, Debian nayo imeacha kwa toleo la 13, 2025. Nikalafati nini hapo? Wenye chombo wameshasema hawatupakii.

Mvuvi Nungwi: Ngarawa haikalafatiwi! Ni gogo la mwembe limechongwa, halina maungio ya mbao. Kinachokalafatiwa ni mashua, jahazi. Mwalimu mzima hajui?

Mwalimu Mkoani: Ikipata ufa inazibwa, na kuziba ndiko huko. Nimezaliwa Mkoani, bandarini. Kiburi cha Unguja usituletee.

Mvuvi Nungwi: Kiburi kiko wapi? Kila kazi na maneno yake. Baba yangu kachonga ngarawa maisha yake yote, sikubali jina lipotoshwe mbele ya watoto.

Bint Chake: Yakhe, fundi kasema jambo zito, hapana aliyemjibu, mnagombania ngarawa! Nami nna langu. Linus Torvalds alipoanza Linux 1995, hiyo iliyomo ndani ya Ubuntu, mfumo wa Minix si ulikuwepo? Angelishauriwa na mwalimu angelikaa akaitengeneza Minix, na hiyo Ubuntu leo tusingeijua.

Mwalimu Mkoani: Ni 1991, mwanangu. Na Minix ilikuwa ya Profesa Tanenbaum, kaiandika ya kufundishia, hakutaka irundikwe mambo, na masharti yake ya wakati ule hayakumruhusu kila mtu kuibadilisha na kuigawa. Debian inaruhusu. Tena Linus kaandika kiini tu, sehemu ya ndani inayoiongoza mashine; zana kazikuta kwa watu wa GNU, waandishi wa programu huria. Hao GNU wenyewe walianza kiini chao, Hurd, 1990. Wataalamu wakubwa, zaidi ya miaka 30, na mpaka leo hukikuti katika mashine za watu. Wataweza vijana watano wa Wete?

Kijana Wete: Mimi ni mmoja wao, na sisi ni saba. "Wataweza?" Limeniuma, mwalimu, maana wewe ndiye uliyenifundisha kushika kipanya. Hatukusema tunaandika kiini. Cha Linux tunakichukua, bado kinakubali biti 32. Tunataka mtoto awashe mashine akute Kiswahili kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Fundi Darajani: Basi huo si mfumo mpya! Ni ule ule mmeuvisha kanzu. Ungesema hivyo tangu mwanzo tusingefika huku.

Kijana Wete: Ubuntu nayo ni Debian iliyovishwa, mbona hamwiti Shuttleworth, mwanzilishi wake, mwongo? Ukiwa na jina lako, watu wanakuja kufanya kazi. Ukiwaambia tunatafsiri menyu za wengine, hawaji. Tumejaribu.

Mwalimu Mkoani: Nisamehe kwa lile neno. Lakini kutafsiri si kazi ndogo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitia OpenOffice, programu ya kuandikia na mahesabu, Kiswahili 2004, na bado watoto wetu wanafungua programu za Kiingereza. Kwa nini? Hilo ndilo la kuuliza kabla ya jina.

Mvuvi Nungwi: Kwa sababu ya maneno yenyewe! Mkiniandikia "nywila" nazima mashine. Neno la siri, basi.

Bint Chake: Nywila ina ubaya gani? Fupi, inaenea kwenye kitufe.

Mvuvi Nungwi: Nani Nungwi anasema nywila? Mtaje.

Fundi Darajani: Mashine nane ziko hapa dukani, skuli zinafunguliwa Jumatatu. Kijana wa Wete, hiyo diski ya biti 32 mnayo au bado?

Kijana Wete: Bado. Lakini nywila tutaiacha ilivyo.