Mrejesho: Ule mzigo ulioandikwa "umepokelewa" umepatikana

Wakuu, asanteni kwa ushauri. Kwa ambaye hakusoma: niliagiza cherehani ya mama iletwe nyumbani Tabata, programu ya kampuni ya vifurushi ikaonyesha "umepokelewa" wakati nyumbani hakuna aliyeona mtu wala mzigo, na huduma kwa wateja wakawa wananizungusha tu.

Nilimfuata mdau aliyesema kampuni za vifurushi zina leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), na kwamba malalamiko yanaanzia kwa kampuni yenyewe. Nikaandika barua pepe, nikaambatanisha risiti, nikadai sahihi ya aliyepokea. Hapo ndipo lugha ilipobadilika. Kumbe bodaboda alikosa nyumba, akaliacha boksi kwenye duka la vipodozi mtaa wa pili, akabonyeza "umepokelewa" afunge hesabu ya siku. Mwenye duka, Mungu ambariki, alilihifadhi juu ya kabati, hata gundi haijabanduliwa.

Cherehani ni nzima. Kinachoniuma ni kwamba namba yangu ya simu iliandikwa kwa maka peni nyeusi juu ya boksi, na hakuna aliyepiga. Radhi wameomba, ila hela ya usafirishaji wamegoma kurudisha. Hiyo bado naidai, na wakiendelea kugoma napeleka TCRA.